Makato ya kutuma ni ya mnunuzi, ya kutolea ni ya muuzaji

Ndugu, umeuliza kama muuzaji wa USDT (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola) kwenye soko la mtandaoni la watu kuuziana wenyewe kwa wenyewe, P2P, ana haki ya kukudai "na ya kutolea", yaani ada ya kutoa hela kwa wakala, wakati oda tayari imefunguliwa. Hana.

Kiasi kilichoandikwa kwenye oda ndicho kinachopaswa kuingia kwake, kamili. Oda ikisema Sh 100,000, aione Sh 100,000 kwenye simu yake. Kwa hiyo ada ya kutuma unaibeba wewe unayelipa, na usithubutu kuikata ndani ya hela yake. Ukimtumia Sh 98,500 ukasema "zilizobaki ni makato", ana kila sababu ya kutoziachia hizo USDT.

Ya kutolea ni shauri lake. Pengine hata haendi kwa wakala, hela anazizungusha humohumo kwenye simu kununua USDT kwa mtu mwingine. Kwa nini umlipie safari asiyoenda? Kama anaona makato hayo yanamuumiza, ayaweke kwenye bei yake, au aandike wazi kwenye masharti ya tangazo ili mtu aamue kabla ya kubonyeza. Ndiyo maana nakusihi soma masharti kwanza, hasa kama unatuma kutoka benki kwenda simu au mtandao mmoja kwenda mwingine, makato hayalingani.

Na tafadhali, kama hela umeshatuma, usikubali akuambie ughairi oda "mtaelewana pembeni". Ukighairi, USDT zilizoshikiliwa na jukwaa la soko hadi malipo yathibitishwe zinamrudia yeye. Bonyeza "nimelipa", weka picha ya muamala, fungua rufaa ili jukwaa liamue.