Kwa mnaoanza kuchora nyumba za udongo: anzeni na kivuli

Wadogo zangu mnaoanza kuchora hizi nyumba za udongo na makuti za Matondoni na Kipungani hapa Lamu, naona wengi mnakimbilia ukuta, mnaupaka kahawia mzuuri alafu mnashangaa mbona nyumba haisimami. Anzeni na kivuli cha upenu. Hicho ndo kinainua paa, na ndo kinamwambia mtazamaji ni saa ngapi.

Na kisiwe cheusi tafadhali. Lamu tuko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua la saa sita liko utosini kabisa, ukuta mzima unaingia kivulini na mwanga unaoupata unatoka chini, kwenye mchanga wa uwanjani. Kaa utazame: karibu na ardhi ukuta una joto, unavuta kwa rangi ya chungwa, ukipanda kuelekea makuti ndo giza linaingia na buluu yake. Simu haioni hayo, ukipiga picha pote panakuwa weusi tu, ndo maana nasisitiza mchore mkiwa palepale. Buluu iliyokoza na kahawia nyekundu zinatosha kutoa hilo giza, tyubu ya nyeusi iache nyumbani.

Ukitaka udongo wenyewe uonekane njoo saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likipiga kwa ubavu. Hapo unaona nyufa, fito zilizochomoza pale udongo ulipobanduka, vijiwe vya matumbawe, hata alama za vidole vya waliokandika. Rangi nzito, yaani tabaka nene, weka palipo na jua, kivulini paka tabaka jepesi, ukijaza nzito kila mahali jicho halipati pa kupumzika.

Makuti usichore jani jani! Brashi kavu, fuata mteremko wa paa, umakini wako wote weka kwenye ncha za chini. Makuti mapya yana unjano-kahawia, ya zamani ni kijivu, na paa lenye kiraka kipya katikati ya kijivu lina habari nyingi za wenyewe, mimi hapo ndo hukaa sana.

Piga hodi kabla hujatandaza vitu vyako, mwenye nyumba akikataa nenda kwengine. Na upepo wa kusi unakausha rangi za akriliki upesi sana, beba chupa ya kunyunyizia maji.