Maswali yenu: giza linawahi, watoto hawalali, madirisha yanatoa jasho

Haya jamani, nimekusanya maswali ya wiki hizi, karibu yote yanatoka kwa familia zetu zinazoishi nchi za baridi, ambazo kiangazi kimewaponyoka na vuli ishabisha hodi. Nimeyafupisha kidogo na majina nimeyaacha.

Dada, shule zimefungua wiki ya pili sasa na wanangu (miaka 7 na 10) hawalali. Likizo nzima walikuwa wanalala saa tano usiku, sasa kuwaamsha asubuhi ni vita. Nifanyeje?

Pole mama, na usijilaumu, manake jua lilikuwa linachelewa kuzama na mtoto gani atakubali kulala huku nje kweupe. Sasa wengi wetu tunakosea hapa: tunaanza na usiku, tunawazimia taa saa mbili, mtoto anabaki anaangalia dari saa nzima afu anakuja kuomba maji, afu anakuja kuuliza kesho ni siku gani, mpaka wote mnakasirika. Anza na asubuhi. Saa ya kuamka ndo uishike kwanza, ile ile kila siku, wikendi ukimwachia basi asichelewe zaidi ya lisaa limoja, na akiamka tu fungua mapazia na ikiwezekana atoke nje hata dakika kumi. Mwanga wa asubuhi ndo unaiambia saa ya mwilini kwamba siku imeanza, na ikianza mapema basi usingizi nao jioni unakuja mapema wenyewe bila ugomvi.

Usiku sogeza dakika 15 tu, kaa hapo siku mbili, sogeza tena. Kutoka saa tano mpaka saa mbili na nusu ni dakika 150, yaani hatua kumi, kwa hiyo ni siku kama 20, usitegemee kumaliza ndani ya wiki moja. Watoto wa miaka 6 mpaka 12 wanahitaji masaa 9 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo akilala saa mbili na nusu na kuamka saa kumi na mbili na nusu amepata kumi, hapo uko vizuri kabisa. Simu na tableti zitoke chumbani saa moja kabla ya kulala, hapo usilegeze kamba. (Wenye vijana wa miaka 13 na kuendelea, wao ni masaa 8 hadi 10, na saa ya mwili wao kweli inachelewa, sio ukaidi, msiwapigie kelele sana.)

Na mnaoishi nchi zinazorudisha saa nyuma, Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani na Kanada sehemu nyingi ni Jumapili ya kwanza ya Novemba, siku nne kabla mchelewesheni mtoto kulala dakika 15 kila siku, la sivyo aliyezoea kuamka saa kumi na mbili na nusu atawaamsha nyumba nzima saa kumi na moja na nusu.

Mume wangu anasema hita haiwashwi mpaka Novemba, mimi na watoto tunatetemeka. Nani ana haki?

Mwezi hauna haki wala kosa, angalieni joto la ndani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isishuke chini ya nyuzi 18, na kama kuna mtoto mchanga, mzee au mgonjwa inafaa kuwa juu zaidi kidogo. Nunueni kipimajoto cha ukutani, kikisoma 16 mazungumzo yameisha, na shemeji nae akitaka kuokoa bili basi mfunge milango ya vyumba visivyotumika na mzibe zile nafasi za chini ya mlango zinazopitisha upepo, hapo atakuwa amesaidia kweli.

Ila kabla ya kuwasha, na hili nawaomba kwa moyo wote: kama hita au boila yenu inatumia gesi, mafuta au kuni, ikaguliwe na fundi mwenye leseni, na muwe na alamu ya kaboni monoksaidi inayofanya kazi, bonyezeni kile kitufe cha kujaribu leo leo. Gesi ile haina rangi haina harufu. Watu wawili watatu wakiumwa kichwa pamoja, kizunguzungu, kichefuchefu, na wakitoka nje wanapata nafuu, msirudi ndani, pigeni simu ya dharura. Redieta ikiwa ya moto chini na baridi juu ina hewa tu, subiri ipoe, fungua kile kivalvu kidogo mpaka maji yaanze kutoka, ufunge.

Kila asubuhi madirisha ya chumbani yanatiririka maji na kwenye kona nyuma ya kabati kumeanza madoa meusi. Nafuta yanarudi.

Yatarudi tu kwa sababu unafuta maji lakini chanzo bado kipo. Fikiria, kiangazi madirisha yalikuwa wazi usiku kucha, sasa mmeyafunga, na humo ndani mnapumua watu watano, mnaoga, mnapika, na nguo za shule zinakauka kwenye ile fremu ya kuanikia palepale chumbani si ndio? Unyevu wote huo unatafuta pa kutua na unatua penye baridi, kioo na ile kona ambayo hewa haipiti. Kwa hiyo: nguo zitoke chumba cha kulala, zikauke chumba kimoja chenye dirisha wazi na mlango umefungwa. Sufuria zifunikwe. Asubuhi fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, mawili yanayotazamana ndo bora, kuliko kuacha ufa mdogo siku nzima ukuta upoe bure. Kabati livute kutoka ukutani upana wa kiganja. Kuna vipimo vidogo vya unyevu, lenga kati ya asilimia 30 na 50.

Madoa yenyewe safisha kwa maji na sabuni, uvae glavu na barakoa, na ukitumia bliichi usithubutu kuichanganya na siki wala dawa yoyote yenye amonia, moshi wake unaumiza mapafu. Yakiwa makubwa kuzidi mita moja ya mraba ita mtaalamu, na kama umepanga basi mwandikie mwenye nyumba kwa maandishi na picha. Mimi mwenyewe niliwahi kupaka rangi juu ya fangasi nikiwa nahamia nyumba moja, wiki sita tu ukuta ukawa vile vile na mwanangu akakohoa msimu mzima, kwa hiyo hili naliongea nikilijua.

Nguo za kiangazi niziweke hivi hivi nikazifue zikija kutumika?

Hapana, zifue kwanza zikauke kabisa. Jasho na mafuta ya ngozi ambayo leo huyaoni yanageuka madoa ya njano, na nondo wa nguo anapenda sufu chafu zaidi.

Mama mkwe wangu yupo nasi tangu Juni. Kiangazi alikuwa mchangamfu sana, sasa tangu giza lianze kuingia mapema amenyong'onyea, anafunga mapazia saa kumi, anasema mwili mzito. Mume wangu anasema ni uzee tu.

Swali hili nimelisoma mara kadhaa dada yangu, na nakushukuru umeona. Mwanga una nguvu kuliko tunavyodhani, kama mnaishi mbali na ikweta, tuseme latitudo ya 50 hivi, mwishoni mwa Septemba mchana unapungua zaidi ya dakika tatu kila siku, wiki moja karibu dakika 25 zimeondoka. Kwa mtu aliyezoea jua linalozama saa ileile mwaka mzima hicho ni kitu kigeni kabisa mwilini. Kwa hiyo atoke nje mchana, kila siku hata kukiwa na mawingu, nusu saa inatosha kuanzia, na kiti chake kihamie dirishani. Viatu viwe na soli inayoshika, majani yaliyolowa barabarani yanateleza vibaya.

Lakini naomba uangalie na hili. Kuanzia Juni nyumba ilikuwa na wajukuu kutwa, kelele, milango inafunguka na kufungwa. Septemba wote mkaondoka siku moja, shule na kazi, akabaki na saa ya ukutani. Giza lipo ila na ukimya upo, na ukimya huo hauponi kwa taa. Sio kumtafutia cha kumpotezea muda, mpeni jukumu ambalo asipolifanya litaonekana, kwa mfano yeye ndo ampokee mjukuu mdogo kituoni, au kila jioni yeye ndo asikilize mtoto akisoma kitabu kwa sauti hata kama lugha ya kitabu haijui vizuri, mtoto amtafsirie. Na mume wako ampigie simu mchana, yeye mwenyewe, mtoto wake wa kumzaa, dakika tano tu.

Unyonge ukizidi wiki mbili, au akikosa hamu ya kula, au akiongea maneno ya kukata tamaa, apelekwe kwa daktari bila kungoja. Kuna sonono inayokuja na msimu na inatibika, na pia tezi ya shingo au upungufu wa damu vinaweza kumfanya mtu mzito hivyo hivyo, na kipimo cha damu kinaonyesha. Muulizeni daktari na vitamini D, manake ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza na huko mbali na ikweta jua la vuli na baridi halitoshi. "Uzee tu" ndo jibu linalochelewesha watu.

Mwanangu wa miaka 6 anauliza kwa nini majani yanageuka njano na mengine mekundu. Nilimwambia yamezeeka, hakuridhika.

Ana haki ya kutoridhika! Mwambie hivi: ule ukijani ni klorofili, ndo inayoshika mwanga jani litengeneze chakula. Mwanga ukipungua mti unaacha kuitengeneza, iliyopo inavunjika, na vilivyo vya maana kama naitrojeni mti unavirudisha tawini kwa ajili ya mwakani. Njano ilikuwepo humo siku zote, imefunikwa tu na kijani. Nyekundu ndo mpya, jani linaitengeneza kipindi hiki kutokana na sukari iliyobaki ndani, na ikitokea siku zina jua na usiku una ubaridi usiogandisha inakolea zaidi.

Kisha mpeleke chini ya mti akaguse tawi la chini pale jani lilipodondoka. Ataona kikovu kidogo, mti wenyewe umeziba, na juu yake kidogo kuna kinundu kigumu. Hilo ni chipukizi la mwakani, lilitengenezwa kiangazi wakati yeye anacheza.