Kijana wa miaka 13, vijiwe vya figo mara ya tatu: usikitupe kijiwe

Dadangu umeuliza kama ni maji ya kisima ndo yanamletea kijana wako vijiwe vya figo, manake hii ni mara ya tatu na hajatimiza hata miaka 14. Mi niko hapa Lamu, Langoni, nilianza na miaka 15 na kila mtu aliniambia hivohivo, maji ya chumvi, basi nikawa nanunua ya chupa na vijiwe vikarudi vilevile. Na kisima kile nyumba nzima tulikunywa, tulougua ni mimi na dadangu mmoja tu.

Cha nne ndo nilikinasa. Nilikua nakojoa kwenye kopo nachuja kwa kichujio cha chai, siku ya tatu kikabaki, kama punje ya mtama, manjano kama nta. Nikakitia kwenye kichupa cha dawa, boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, kikapimwa kimejengwa na nini. Ni sistini. Hii inatokana na protini, figo nzima huirudisha mwilini, zangu zinaiachia ipite na mkojoni haiyeyuki vizuri, inaganda. Ni ya kurithi, kwa kawaida mpaka upate jeni mbovu kwa baba na kwa mama pia, na wao wenyewe mara nyingi hawaumwi. Wazee wangu ni binamu, kama nyumba nyingi za huku, na simlaumu mtu.

Lakini wa kwako usidhani ni hiyohiyo. Kuna nyingine ini ndo linatengeneza oksaleti (taka inayoganda kuwa vijiwe) kupita kiasi, hiyo inaweza kuua figo kabisa, na wengine husaidika kwa vitamini B6. Kuna nyingine tena kijiwe hakionekani kwa eksirei, dawa yake ni alopurinoli ile ya jongo. Dawa hazifanani ndo mana nakusihi kijiwe kipimwe, na umwambie dokta waziwazi kama kuna mwengine kwenu anaugua.

Mimi nameza potasiamu sitreti, dawa ya kupunguza asidi ya mkojo, ng'onda nimeacha, na maji nakunywa mpaka mkojo ufike lita 3 kwa siku, saa nane usiku naamka kunywa tena (yeye dokta atamkadiria kwa mwili wake). Ramadhani sifungi, nilimuuliza dokta na shekhe nikawa natoa fidia, na iliniuma sana mwaka wa kwanza. Maumivu yakimshika tena na akawa na homa au mkojo umefunga, usingoje asubuhi, mpeleke. Ila kopo na kichujio uwe navyo tayari leo.