Jibu: h-indeksi mbili za mtafiti mmoja wa kongosho

Habari mkuu. Umesema mtafiti wako wa kongosho ana h-indeksi (idadi h ya makala zake ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara h) kubwa Google Scholar kuliko Scopus, yaani hifadhidata mbili za makala za kitaaluma, nawe hujui ushike ipi. Kwanza fungua ORCID yake, ile namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha kila mtafiti, ulinganishe orodha za makala. Majina yakifanana, kazi za watu wawili huchanganywa. Google Scholar huhesabu hata tasnifu, kwa hiyo kuzidi ni kawaida.

Kinachonisumbua zaidi ni makala za makubaliano ya wataalamu. Uainishaji wa Atlanta wa uvimbe wa ghafla wa kongosho, uliorekebishwa 2012, umenukuliwa maelfu ya mara, na kila mwandishi mwenza huhesabiwa nukuu zote. Mimi huziweka kando, nasoma tafiti alizoongoza mwenyewe.