Wana wengi wa Gwydir, mrithi binti

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Sir John Wynn, kabaila wa Gwydir huko Wales, aliyefariki mwaka 1627, alijaliwa wana wengi wa kiume. Imekuwaje basi mali yake ikaangukia ukoo mwingine baada ya miaka hamsini tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako lingemuudhi Sir John mwenyewe, maana alijivunia sana nasaba. Alikuwa mbunge wa Caernarfonshire mwaka 1586, na Mfalme James wa Kwanza alipoanza kuuza cheo cha kurithiwa cha baroneti mwaka 1611, kwa pauni 1,095, naye alikipata mwaka huohuo. Aliandika pia historia ya ukoo wake, akiuunganisha na Owain Gwynedd, mtawala wa karne ya 12. (Wenyeji walimkumbuka kwa namna nyingine: walisimulia kuwa roho yake imefungwa chini ya maporomoko ya maji karibu na Betws-y-Coed, itakaswe maovu yake.)

Msiba ulianzia kwa kifungua mimba. John, aliyekuwa safarini Italia, alifia Lucca mwaka 1614 bila kuacha mwana wa kiume. Urithi ukamfikia mdogo wake Richard, ambaye kwa maoni yangu alikuwa mtu wa ikulu kuliko wa shamba: mwaka 1620 alishindwa uchaguzi wa Caernarfonshire na John Griffith wa Cefnamwlch, lakini mwaka 1623 alikuwamo katika msafara wa Mwanamfalme Charles kwenda Hispania kuposa, posa ambayo haikufaulu, na baadaye akawa mweka hazina wa Malkia Henrietta Maria, mke wa Charles. Ndiye aliyejenga, mwaka 1633, kikanisa cha ukoo ubavuni mwa kanisa la Llanrwst, ambamo leo lipo jeneza la jiwe, tupu na lisilo na kifuniko, linalosemekana kuwa la Llywelyn Mkuu, mtawala wa Wales wa karne ya 13. Richard alifariki mwaka 1649 bila mtoto.

Akarithi mdogo wake Owen, kisha Richard mwana wa Owen, ambaye alipofariki mwaka 1674 aliacha binti, Mary. Hapo ndipo cheo na ardhi vilipoachana. Cheo, ambacho mwanamke hakuweza kukirithi, kilikwenda kwa John, mwana wa Henry aliyekuwa miongoni mwa wadogo zake Owen. Gwydir ikabaki kwa Mary, naye mwaka 1678 akaolewa na Robert Bertie, bwana mkubwa wa Kiingereza ambaye baadaye alifanywa Duke wa Ancaster. John naye alifariki mwaka 1719 bila mtoto, na ubaroneti ukakoma.