Mbaazi na mahamri vinanivuruga tumbo

SWALI: Shikamoo dokta, mimi mama wa miaka 38, niko Ngamiani, Tanga. Tumbo linajaa gesi, linasokota, leo naharisha kesho sipati choo, nimepima amiba na minyoo hakuna kitu, hospitali wameniambia ni IBS, yaani utumbo unasumbua lakini vipimo havionyeshi ugonjwa. Sasa nile nini jamani?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Maumivu yako ni ya kweli, asikwambie mtu unajifikirisha. Mara nyingi kinachosumbua ni wanga unaochachuka haraka utumboni, na sisi huku Tanga asubuhi ni mbaazi za nazi na mahamri, yaani mbaazi na ngano kwa mpigo, halafu mchana mchuzi una vitunguu maji na saumu kibao! Achana navyo wiki 2 mpaka 6, pamoja na maharage, embe, tikiti na maziwa freshi, we kula wali, viazi, samaki wa kuchoma, karoti, machungwa ya Muheza ruksa, kisha rudisha kimoja kimoja, kila kimoja siku 3, utamjua mchawi wako. Usiviache vyote maisha, mwili unavihitaji. Ila ukiona damu chooni au unakonda tu bila sababu, hapo rudi hospitali haraka.