Muulize Fundi wa Ndege: Injini Moja Ikizima, Je?

Nimechutama chini ya mabawa ya ndege ndogo miaka thelathini na moja, kwanza uwanja wa Wilson kule Nairobi, kisha hapa Mombasa mpaka mgongo uliponiambia basi. Siku hizi asubuhi zangu ni kahawa chungu na kashata barazani Kuze, na barua zenu. Barua zimefurika tangu tarehe 28 Oktoba 2025, siku ile ndege ya injini moja iliyotoka Diani kuelekea Maasai Mara ilipoanguka Kwale na kuua watu wote 11 waliokuwamo. Ya Kwale yana wachunguzi wake, nami siwatangulii. Nitajibu yale ambayo mikono yangu imeyashika.

*Shikamoo Fundi. Mwanangu wa pili amejiunga na chuo cha urubani. Anarusha Cessna ya viti vinne, na injini ni moja tu. Kila akiruka mimi kazi yangu ni kutazama juu na kusoma dua. Injini ile ikizima, si ataanguka kama dafu?*
*Mama wa watatu, Kisauni*

Marahaba, mama. Dua endelea nayo, lakini hilo la dafu liondoe moyoni. Ndege haishikiliwi juu na injini. Hushikiliwa na hewa inayopita kwenye mabawa, na injini kazi yake ni kuivuta mbele tu. Ikizima, rubani hushusha pua kidogo, na ule mteremko ndio unaompa mwendo. Cessna 172, ambayo bila shaka ndiyo anayojifunzia mwanao kwa vile vyuo vingi huitumia, huenda mbele kama mita tisa kwa kila mita moja inayoshuka. Ikimzimikia juu ya Fort Jesus akiwa kwenye kimo cha mita 1,000, na upepo usimpinge, atateleza hadi karibu na Bamburi huku akichagua pa kutua. Tena hilo hufundishwa mapema. Mwalimu huishusha injini ghafla hadi ikabaki inanong'ona, kisha humuuliza mwanafunzi, "Haya, unatua wapi?" Jibu lisipokuja upesi, siku hiyo chai hainyweki.

Kinachoua ni kingine. Wewe ni mtu wa Pwani, utanielewa. Umewahi kumtazama nahodha anayebisha, yaani anayekwenda kwa kuukata upepo wa mbele? Akilielekeza jahazi kwenye upepo kupita kiasi, tanga hulegea, likaanza kupigapiga, na chombo kikapotelewa na nguvu. Bawa la ndege nalo ni tanga lililolazwa. Ukiinua pua mno, hewa huacha kulishika. Ila jahazi litabaki majini likimngoja nahodha ajirekebishe, na ndege haina maji ya kuelea.

Sasa tia hofu juu yake. Injini imezima punde tu baada ya kuruka, ndege ingali chini, na kiwanja kiko nyuma. Moyo wa binadamu humwambia, "Geuka, rudi!" Anageuka, anailaza ndege kwa nguvu ili kona iishe haraka, na kona ndiyo inayomla. Ukiilaza ndege nyuzi 60, mwendo wa chini kabisa unaoweza kuishikilia hewani hupanda kwa asilimia 41 hivi. Yeye mwendo anao uleule, au umepungua. Bawa linaachia, na chini hakuna nafasi ya kujiokoa. Angetua moja kwa moja mbele yake, hata kama ni kwenye mikoko, huenda ndege ingevunjika naye akatoka na mguu kwenye plasta.

Huko Marekani, wenye ndege ndogo nyingi kuliko wote, kama robo tatu ya ajali zake hutokana na rubani, si chuma. Kwa hiyo, mama, usimuulize mwanao injini ikoje. Muulize tangu aanze amekataa kuruka mara ngapi. Akisema hajawahi, hapo ndipo uanze kukosa usingizi.

*Fundi, mimi naendesha boda. Pikipiki ikikata mafuta nageuza rizavu, ikikataa nasukuma. Sasa hawa marubani wenye vyeti vyao, wanaishiwaje na mafuta angani? Hawana geji?*
*Kijana wa Likoni*

Geji wanazo, na hakuna rubani mwenye akili anayeziamini peke yake. Rubani mzuri hupanda kwenye bawa, akafungua kifuniko cha tangi na kuchovya kijiti chenye alama, kama muuza mafuta ya taa wa zamani. Wanaoishiwa ni wale waliopiga hesabu ya safari bila upepo wa mbele, au walioona foleni kwenye gari la mafuta wakasema yaliyomo yanatosha. Wewe mwenyewe ushawahi kusema hivyo ukielekea Shelly Beach.

Tena kuna mafuta yaliyomo lakini hayafiki. Mwezi Septemba 1936, Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi kwa ndege ya injini moja. Barafu iliziba tundu la hewa la tangi, mafuta yakakataa kushuka, injini ikanyamaza. Alitua kwa pua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, akatoka mzima na jeraha la kichwa. Tundu hilo mimi nimelikuta mara mbili limezibwa na nyigu waliojenga nyumba ya udongo. Ndege ikilala nje siku tatu tu hapa Pwani, nyigu wamehamia.

Na kuna maji, adui yangu mkubwa. Petroli ya ndege hizi hutiwa rangi ya buluu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, na chini ndipo injini inapovutia. Ndiyo maana kila asubuhi kabla ya safari hutolewa mafuta kidogo chini ya tangi kwa kikombe cheupe unachoweza kuona ndani yake, ukatazama.

Asubuhi moja ya masika, tajiri mmoja ambaye simtaji alikuwa na abiria wanne wa kwenda Kiwayu. Ndege ilikuwa imelala mvuani, tangi nusu. Mpira wa kifuniko ulikuwa umepasuka. Nilikuwa nimeuandika kwenye daftari wiki nzima kabla, na hakuna aliyeununua. Nikakinga kikombe cha kwanza: buluu juu, na chini yake maji matupu, mstari baina yao umenyooka kama rula. Cha pili vilevile. Cha saba vilevile. Tajiri anaitazama saa yake, ananiambia, "Fundi, si matone tu haya?" Nikamnyooshea kikombe, nikamwambia anywe. Ndege ile haikuruka mpaka saa sita mchana. Abiria mmoja alinitukana kwa Kiitaliano, na kwa vile nimekaa Malindi, nilielewa kila neno.

Rangi ile ya buluu ina kazi nyingine. Kuna ndege za injini moja zinazotumia mafuta ya jeti, kama Caravan, na mafuta hayo hayana rangi, ni ndugu wa mafuta ya taa. Ukiyatia kwa makosa kwenye Cessna ndogo ya petroli, injini itawaka kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, itakupeleka hadi njia ya kurukia, itakuinua, halafu itakufa ukiwa hapo pabaya nilipomweleza mama wa Kisauni. Kwa hiyo anayetia mafuta asimame naye mtu, atazame, anuse.

La mwisho kwako, kwa sababu najua kabureta unazijua. Kabureta ya ndege huganda barafu ndani, hapahapa Mombasa, nje kukiwa na nyuzi 25 na mashati yameloa jasho. Umeona mtungi wa gesi ukitumika sana unavyopoa na kutoa jasho? Petroli ikigeuka mvuke kwenye koo la kabureta hupooza vivyo hivyo, na hewa yetu imejaa unyevu. Barafu hujijenga kimyakimya, hasa rubani akiwa amepunguza moto ili ashuke. Injini huanza kukohoa. Dawa ni kishikio kimoja tu kinacholeta hewa ya moto, kivutwe mapema. Nimeona injini zilizofunguliwa zote kutafutwa ugonjwa, na hazikuwa na kasoro hata moja. Barafu ilikuwa imeyeyuka na kuondoka na ushahidi wake.

*Mwezi uliopita safari yetu ya Lamu ilicheleweshwa saa tatu kwa sababu ya mawingu, na mimi nilikuwa na mazishi. Ndege imejaa saa na mishale. Kwa nini wasiruke kwa hiyo mishale?*
*Mwalimu, Ukunda*

Pole kwa msiba, Mwalimu. Wapo waliofunzwa kuruka kwa mishale, na ndege zilizopewa kibali hicho. Lakini asiyefunzwa akiingia wingu, masikio yake mwenyewe ndiyo yatakayomuua. Ndani ya sikio mna maji yanayotuambia tuko wima au tumelala, na ndege ikigeuka polepole maji yale hutulia yakasema tuko wima. Mtu anaapa yuko sawa huku anazunguka akishuka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu wanafunzi 20 wasio na mafunzo hayo katika mawingu ya kuigiza. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Wastani ulikuwa sekunde 178, yaani hata dakika tatu hazikutimia.

Wala si lazima liwe wingu. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa rais wa Marekani, aliruka juu ya bahari yenye ukungu kwa Piper ya injini moja, mkewe na shemeji yake wamo ndani. Hakuuona mstari wa bahari na mbingu. Wote watatu walikufa, na wachunguzi walihitimisha kuwa alipotelewa na mwelekeo gizani. Na kwetu, tarehe 5 Juni 2018, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare, wakafa watu 10. Mlima hauhami, ila wingu huuficha.

Sasa nikuulize na mimi, kwa heshima. Zile saa tatu, ulimwendea rubani mara ngapi kumuuliza "bado tu"? Nimewaona vijana wazuri wakivunjwa na swali hilo. Abiria anaguna, mwenye ndege anapiga simu, na kijana anaanza kuliona tundu la buluu kwenye mawingu ambalo halipo. Mimi haraka ya abiria naihesabu kuwa mzigo, ila ndio mzigo pekee usiopimwa kwenye mizani.

*Je, kunguru wa Mombasa wanaweza kuangusha ndege?*
*Mpenda maswali, Changamwe*

Kunguru atakuvunjia kioo na kukupotezea siku. Tai ndiye wa kuogopwa. Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ya injini moja iliyopakwa milia ya punda, alikufa tarehe 10 Januari 1959 baada ya kugongana na tai. Lile jaa la Kibarani lilipofungwa, wenzangu walishangilia kwisha kwa harufu. Mimi nilishangilia kunguru kuhama.

*Fundi, nina neno. Naenda Lamu kwa Maulidi, nikapandishwa kwenye mizani mbele za watu kama gunia la mchele, kisha nikaambiwa nikae mbele na mkoba wangu, wenye pweza mkavu wa shangazi, uende nyuma. Mimi nina miaka sitini na nne. Hiyo ni adabu?*
*Bi Mkubwa, Majengo*

Shikamoo Bi Mkubwa. Adabu haikuwapo, mizani yangewekwa pembeni na kusomwa na mtu mmoja tu. Lakini kupimwa kupimwe. Kwenye ndege ya watu mia moja na hamsini, kilo za mmoja hupotea. Kwenye ya watu wanne, wewe ni robo ya abiria. Na uzito si jumla tu, ni pale ulipokaa. Mizigo ikizidi nyuma, mkia huzama, pua hupanda, na tanga likaanza kupigapiga kama nilivyoeleza hapo juu. Jaribu kumkalisha shangazi mzito nyuma kabisa ya ngalawa, utaona.

Joto nalo limo. Hewa ya Februari saa nane mchana ni nyepesi, bawa hushika kidogo na injini huvuta kidogo, basi ndege hula njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Wilson, ambako ni juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,690, mambo ni mazito zaidi. Watu wote ambao ndege inawabeba hapa kwetu, kule huenda ikabidi iwaache wawili.

Ukipanda tena, fanya haya kwa ajili yangu. Mkanda wa bega ufunge, usiubane kwapani ati unakukunja buibui. Kabla ya kuruka, tia mkono wako mwenyewe kwenye kitasa cha mlango ujue kinafunguka vipi. Na kwa kuwa njia ya Lamu hufuata bahari, uliza jaketi la kuelea liko wapi, wala usilijaze hewa ukiwa bado ndani. Litakunyanyua hadi kwenye dari na mlango utabaki chini yako.

Na yule pweza mkavu wa shangazi mpeleke, hakuna anayekukataza. Ila naye apande mizani.